Viatu Mlangoni

Butembo, jioni ya kuamkia safari yako

Kavira wangu,

Barua hii nimeificha chini ya sweta ya kijani, ile uliyoitoa kwenye sanduku ukisema, "Mama, iko muzito, Nairobi si Bulaya," nami nikairudisha ulipokwenda kuoga. Kama unaisoma, basi baridi imekupata na mimi nimeshinda. Vaa kwanza, halafu soma.

Sitakuandikia mambo ya njiani. Mama mdogo wako amekwisha kukufundisha namna ya kushika pasipoti, namna ya kukataa soda ya mtu usiyemjua na namna ya kulalia mkoba ndani ya basi. Baba yako amehangaika na zipu ya sanduku tangu mchana, sasa inafunga, na ametuonya tusiifungue tena bila yeye. Nimeifungua. Usimwambie. Amenikuta naandika, akasimama mlangoni, akasema, "Muandikie, mais hapana kumulilisha mutoto." Nimemwahidi. Ahadi zangu unazijua.

Nataka tuzungumze habari ya siku ile ya ukumbi, kule Bungulu, Beni. Hujawahi kuniuliza, nami sijawahi kukueleza. Tangu siku ile tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja, tunacheka, lakini kuna kitu kimekaa kati yetu kama mwiba wa samaki kooni. Hauui, wala huendi nao kwa daktari, ila kila ukimeza unaukumbuka. Kesho unaondoka kwenda kusomea ualimu wa yoga, na unaondoka ukiamini kwamba mama yako anaiona kazi yako ni ya Shetani. Sitaki uende na mzigo huo. Hauna ukweli ndani yake, na aliyeufunga ni mimi.

Niruhusu nizunguke kidogo, maana njia ya moja kwa moja naiogopa.

Unakumbuka ulivyorudi mara ya kwanza kutoka Beni na mambo hayo? Uliyapata kwenye kituo cha afya, kwa yule muuguzi wa Kenya aliyekuwa akiwakusanya akina mama waliokimbia vijiji vyao, anawafundisha kukaa na kupumua. Wewe ulikwenda pale kumsaidia lugha tu, ugeuze Kiswahili cha kwao kiwe cha kwetu, na cha kwetu kiwe Kinande kwa wazee. Ukabaki. Ukaja hapa nyumbani, ukatandika kikwembe changu kizuri, kitenge cha kanisani, sebuleni, ukaweka mikono chini, ukainua makalio juu, ukaniambia hiyo inaitwa mbwa. Nikakuuliza kama mbwa mwenyewe ana habari. Baba yako alicheka mpaka akatoka nje.

Halafu ukaacha samaki. Hapo sikucheka. Mimi ninayewafuata samaki mpaka Kyavinyonge, ziwani, mimi ambaye hata kanisani watu wananiachia nafasi kwenye benchi kwa sababu ya harufu, mtoto wangu ananiambia, "Mama, sitakula tena kitu yenye ilikuwa na uzima." Nikakujibu kwamba hata sombe, majani ya muhogo, ilikuwa na uzima kabla haijatwangwa. Ukanieleza kwa upole kwamba katika yoga, kabla mtu hajakunja mguu wowote, jambo la kwanza ni kutodhuru. Ulieleza vizuri. Lakini mimi nilisikia tu kwamba unakikataa chungu kilichokulea. Basi wiki nzima nilikutilia unga wa ndakala kwenye sombe, wale samaki wadogo waliokauka, nimewasaga laini kabisa, nawe ukasema sombe ya mama haina mfano. Ndiyo, mwanangu. Sasa umejua. Nilidhani nimekushinda, na kila uliposifu nilijiona mdogo zaidi. Kumdanganya mtu kwenye sahani yake ni kumdhuru pia. Hilo hukunifundisha wewe, nililipata nikiwa nimeshika mwiko, na ndipo nikaacha.

Siku nyingine ulikuja sokoni kunisaidia kupanga samaki. Ukaniangalia kwa muda, ukasema, "Mama, unajua weye haupumuake?"

"Nani anaishaka bila kupumua?"

"Unapumua, mais pikipiki ikipita na kelele, unafunga. Mutu akikimbia, unafunga. Uko unangojea kitu."

Nilikasirika. Nikakuambia nimezaa, nimelea, nimepanda vilima vya Lubero na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na pumzi haikuniishia hata siku moja. Ukaniomba radhi. Lakini ulipoondoka nikaanza kujichunguza kwa siri, kama mtu anayetafuta chawa. Lori likipasua mlio, nafunga. Watoto wakitoka shuleni wakipiga kelele, nafunga. Mteja anabishana nami bei, mdomo wangu unamjibu, na macho yamekwenda mwisho wa barabara. Ulikuwa umesema kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipumua nusu, na nusu nyingine nimeiweka akiba kwa ajili ya kukimbia.

Ulinieleza pia, jioni ile tulipokuwa tukichambua mboga, kwamba walimu wa kale wanafundisha kuwa ndani ya mtu kuna mmoja anayetazama tu. Mwili unaumwa, moyo unapiga, mawazo yanakimbia huku na huku, na yeye anatazama. "Ule haogopake, mama," ukasema. "Anaangaliaka tu." Nilikuambia wa kwangu anaangalia barabara. Tukacheka wote wawili, lakini mimi sikuwa nikitania. Nilibaki nikimwaza huyo mtazamaji siku nyingi. Nilitaka kukuuliza ni nani anayempokea zamu akichoka.

Sasa nifike kwenye viatu.

Tulipofika hapa Butembo baada ya kukimbia Mabalako, tukiwa na mlango unaofungwa na majirani wema, nilikuwa nakulaza na viatu. Vile vya plastiki, vyenye mkanda, na mkanda nilikufunga mwenyewe. Kila usiku nilipitisha mkono chini ya blanketi kuvigusa. Ulipokua ukaanza kuvivua nikishageuka, na kuvivaa tena asubuhi kabla sijaja. Nilijua, kwa sababu shuka zilianza kubaki safi. Nikanyamaza nawe ukanyamaza, na hivyo ndivyo tulivyojifunza kuishi, mimi na wewe. Baba yako alikuwa akiniambia, "Acha mutoto alale na miguu yake." Nikamjibu kwamba yeye hakuwepo. Ilikuwa kweli, alikuwa huku Butembo akijenga nyumba za watu. Lakini ukweli huo niliutumia kama fimbo, na kila nilipoutoa alitoka chumbani.

Wazee husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe nilikufunza, usiseme sikukufunza. Ila somo lenyewe lilikuwa moja tu, kukimbia, na nilikufunza nikidhani nakufunza kuwa tayari. Imebidi ulimwengu ukufunze kukaa. Nikifikiri kwamba jambo la kwanza katika shule yenu ni kuvua viatu, nacheka peke yangu, na kicheko chenyewe kinauma.

Mambo ya Mabalako unayajua kwa juu juu. Unajua tulikuwa na shamba la kakao. Unajua asubuhi moja walikuja watu wenye mapanga, tukakimbia, na kwamba kovu chini ya mguu wako wa kushoto ni la njia ile, kwa sababu nilikunyakua bila viatu, nikakubeba mpaka nikachoka, kisha ukatembea. Lililobaki sijakuambia. Kabla ya njia, tulilala.

Niliposikia sauti karibu nilijitupa chini ya mikakao, nikakuweka chini ya kifua changu, nikakuziba mdomo kwa kiganja. Majani makavu ya kakao yana kelele, ukijigeuza kidogo tu yanakusema. Basi sikujigeuza. Mbele yetu, karibu kiasi cha kumgusa, alikuwa amelala baba mmoja, jirani wa shamba la pili, amejificha kama sisi. Nilimtazama yeye ili nisitazame kwingine. Nikajiambia, huyu baba anajua kutulia, nimwige. Nikamwiga mpaka sauti zikaenda mbali kabisa. Ndipo nikamwambia polepole, kwa Kinande, kwamba wamekwenda, tuamke. Nikamwambia tena. Hakuamka. Hakuwa amejificha, Kavira. Nilikuwa nimejifunza kutulia kutoka kwa maiti, na mtoto wangu akiwa hai chini ya kifua changu.

Nilikubeba nikaondoka. Kwa miaka yote hii sikumwambia mtu.

Sasa twende Bungulu. Ulinialika wewe mwenyewe, nami nikatoka Butembo nimevaa suruali ya baba yako chini ya kikwembe, kama ulivyoniagiza. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umefagiwa, mikeka imetandikwa. Ukasimama mlangoni, ukasema, "Bamama, tuvue biatu hapa." Wakavua. Sandali, raba, viatu vya mvua, vyote vikaangukiana. Mimi nilivua pia, lakini vyangu niliviweka pembeni, pua zikielekea nje. Hukuona. Au uliona ukanisitiri.

Ulifundisha vizuri mno. Nataka ulisikie hili, maana siku ile sikulisema. Yule mama mwenye goti bovu ulimletea benchi kabla hajaomba. Yule aliyekuwa akilia hukumuuliza kitu, ulikwenda ukakaa ubavuni mwake ukaendelea kufundisha ukiwa pale pale, mpaka akatulia. Nilikutazama nikaona fahari mpaka nikaona haya. Hata mimi nilipumua, pumzi nzima, nikashangaa ilivyo ndefu.

Kisha ukasema, "Sasa bamama, tulale chini, mikono pembeni, tufunge macho. Hii position ya mwisho banaiita ya maiti. Hapana kufanya kitu. Tukuwe tu kama maiti." Na wewe mwenyewe ukalala, kama anavyofanya yule mwalimu wa kwenye simu yako, ukafumba macho.

Mimi sikufumba. Nilitazama. Ukumbi mzima wa wanawake wamelala chali, kimya. Viatu vyao vimerundikana mahali ambapo hakuna atakayekipata chake kwa haraka. Mlango umeegeshwa, na hakuna hata mmoja anayeuangalia. Hata wewe. Nikawatazama mmoja mmoja, na sikujua ni nani ataamka.

Ndiyo maana nilisimama. Ndiyo maana nilitoka na viatu mkononi, nikatembea peku mpaka barabarani. Uliponifuata ukiniita, ukiniuliza, "Mama, juu ya nini?" nilikujibu mbele ya watu wote waliotoka kuchungulia, "Hiyo kitu si ya batu ba Mungu." Ndilo neno lililokuwa karibu. Nililiokota kama mtu anavyookota jiwe, nikalitupa bila kutazama linampata nani.

Maneno yale yalifika kila mahali kabla sijafika Butembo. Akina mama wa kanisa wakanipigia simu. "Mama Kavira, ulifanya muzuri, ulisimama na imani." Nami nikashukuru. Ona ilivyo rahisi. Kuitwa mwenye imani kunapendeza kuliko kuitwa mwoga, tena sikuwa nimesema uongo wowote kwenye simu, nilikuwa nimesema asante tu. Baadaye wanafunzi wako wakapungua, na pasta akafunga ukumbi akasema tungoje kwanza. Wewe ukahamia uani kwa mama mdogo, ukafundisha waliobaki kati ya kuku na kamba za nguo, na hukunilaumu hata mara moja. Ungenilaumu ningejitetea, unajua ninavyojua kujitetea. Ulikuwa unanipigia simu kuniuliza tu kama mgongo wangu unaendelea vizuri.

Sikuambii kwamba sina maswali. Zile nyimbo mnazoimba mwanzoni bado zinanikwaza. Utajifunza maana yake huko, neno kwa neno, na wimbo usioujua maana usiuimbe. Mungu wangu hanipi shaka kwamba anajua pumzi ni nini, yeye ndiye aliyeipuliza. Lakini haya ni maswali ya mtu aliyekaa kitini. Siku ile sikuwa na swali lolote. Nilikuwa na woga.

Juzi ulinisomea kile kitabu walichokutumia ukisome kabla ya kufika. Ulisoma kwamba mtu asishikamane na vitu, aachilie, ndipo roho yake itulie. Nilikukatiza. "Sisi tuliachilia shamba, nyumba, mbuzi. Roho ilitulia wapi?" Ukakifunga kitabu, ukasema utawauliza walimu. Waulize kweli, lakini nami nimekuwa nikiliwaza nikipanga samaki. Kuachilia na kunyang'anywa si kitu kimoja, ingawa mikono inabaki mitupu vilevile. Aliyenyang'anywa hajaachilia kitu. Amekishika kwa ndani, tena kwa nguvu kuliko alipokuwa nacho. Shamba lile sijaliachilia hata mti mmoja, naweza kukutajia ni upi uliozaa vizuri na ni upi ulioliwa na wadudu. Labda watu kama mimi inabidi kwanza warudishiwe, hata kwa kukaa tu na kuitaja ile miti, ndipo waambiwe waache. Sijui. Wakikupa jibu lingine huko, uniletee, tutabishana.

Kuhusu ualimu, nami niliwahi kuwa mwalimu, usicheke. Kabla hujaenda kukaa Bungulu nilimchukua binti mmoja wa Kyavinyonge, Furaha, nimfundishe biashara. Kule ziwani wanabeba beseni kichwani. Mimi nikamlazimisha abebe kama sisi watu wa vilima, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kwa sababu ndivyo mama yangu alivyonifundisha na ndivyo mzigo mkubwa unavyopanda kilima. Aliniambia, "Mama, shingo inakataa." Nikamwambia shingo haina mdomo. Shingo yake ilivimba, akarudi kwao, na kwa muda mrefu nilisema ni mvivu. Baadaye nilimwona Kyavinyonge, beseni kichwani, anatembea na mzigo mkubwa kuliko wangu, anaongea na simu. Alinisalimu kwa heshima. Nilinunua samaki wake wote siku ile na sikupunguza bei, nawe unajua hiyo kwangu ni toba. Mtu akikuambia shingo inakataa, mwanangu, msikilize shingo. Hata kama mwalimu wako amesema vingine.

Na hili la mwisho ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile tulipotoka porini, tulifika kwa mama mdogo wako pale Bungulu. Ilikuwa mchana, jua kali. Alikuosha mguu, akatupa uji, akanionyesha kitanda. Nikalala na macho wazi, naangalia mlango. Akaniona. Hakuniambia tulia, hakuniambia yamekwisha, hakuniambia nimwachie Mungu. Alichukua kiti, akakiweka mlangoni, akakaa na ungo wa maharage mapajani, akaanza kuchambua. Akasema, "Lala, dada. Miye niko naangalia." Nikasikia maharage yanagongana kwenye ungo. Nililala mpaka jioni. Niliamka akiwa pale pale, na maharage yalikuwa yamekwisha zamani, anayachambua upya.

Katika maisha yangu yote baada ya Mabalako, ule ndio usingizi pekee niliolala mzima.

Sijui watakufundisha nini huko. Watakufundisha mifupa na misuli, pumzi, vitabu vya wazee wa kale, na wewe utashika yote kwa sababu kichwa chako si kama changu. Lakini yule mtazamaji wa ndani uliyeniambia, kwa wengi wetu huku amechoka, Kavira. Amekaa zamu miaka. Hawezi kuondoka mlangoni kwa sababu tu ameambiwa afumbe macho. Ataondoka akiona mwingine amechukua kiti. Kwa hiyo wengine wakilala, wewe usilale. Kaa mahali wanapoweza kukuona, na mlango uuone wewe. Na lile jina la maiti liache huko huko. Wakikuuliza sababu, waambie kwetu neno hilo lina wenyewe.

Kesho nitapanda gari pamoja nawe mpaka Beni. Utadhani nakusindikiza, na ni kweli nakusindikiza. Utadhani nikishuka Bungulu naenda kunywa chai kwa mama mdogo. Siendi kunywa chai. Nilimpigia pasta simu, nikamwambia siku ile sikusimama kwa ajili ya imani.

"Donc ilikuwa nini, mama?"

"Woga, pasta."

Akasema ufunguo wa ukumbi anao yeye, lakini maneno niliyowaambia bamama yametoka kinywani mwangu, na ya kuyafuta hayawezi kutoka kinywani mwake. Amewaita wakusanyike kesho mchana. Wakati huo wewe utakuwa unagongewa muhuri mpakani Kasindi, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yao. Sijui watanipokeaje. Wengine watasema mtoto amemroga mama yake. Pengine ufunguo hautatoka kesho, nitarudi tena na tena, njia ya Beni naijua. Nitawaambia habari ya majani makavu ya kakao. Najua ni wangapi kati yao wanaoyajua.

Baba yako nimemwambia leo mchana, alipokuwa anashughulika na zipu. Alikuwa anastahili kuyasikia kabla ya kanisa. Aliweka koleo chini, akanishika mkono, tukakaa hivyo kwenye kitanda chako kando ya sanduku lililo wazi. Uliingia ukatukuta, ukauliza kama kuna tatizo, akakuambia zipu imegoma. Haikuwa imegoma.

Ninakupenda, Kavira. Nakuogopea pia, siwezi kuacha katika barua moja, lakini naomba ubebe lile la kwanza na hili la pili uniachie mimi. Soma sana. Kula unachotaka kula, sitakutilia kitu tena. Na Mungu aliyekutoa chini ya kifua changu ukiwa unapumua akulinde huko uliko.

Ukirudi, fungua ukumbi. Simama mlangoni, uwaambie akina mama wavue viatu. Vyangu nitavitupa katikati ya vingine, popote vitakapoangukia. Nitaingia, nitalala chali kwenye mkeka, nitafumba macho.

Wewe usifumbe.

Mama yako